Kuni za jikoni marufuku, kuni za tanuru ruksa? Hesabu ya nyumba zetu Mpanda



Leo naomba tuongelee nyumba. Sio maghorofa ya Dar wala majumba ya wakubwa. Naongelea hizi za kwetu za kawaida: vyumba viwili na sebule, ukuta wa tofali za kuchoma, juu bati. Hapa Kashaulili ukisimama barabarani ukatazama kulia na kushoto, nyingi ndo hizo. Mi mwenyewe nimepanga chumba kwenye mojawapo. Bati tupu, dari hakuna. Mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijaanza, saa nane mchana humo ndani hukai. Saa nne usiku bado jasho linakutoka. Halafu ukifika mwezi wa sita na wa saba, chumba hichohicho alfajiri unatafuta blanketi la pili.

Nimeanza kulifikiria hili jambo kwa sababu mama yangu ana kiwanja kule Nsemulwa na mwaka huu kaamua kujenga. Tofali za kuchoma elfu tatu keshanunua, zimepangwa pale kiwanjani. Kwa hiyo mnayosoma hapa sio mambo ya vitabuni tu, ni pesa ya mama aliyoitafuta kwa miaka mingi. Nikikosea hesabu, atakayelala kwenye joto ni yeye.

Tuanze na kuni.

Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 mpaka 2034. Lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilishaagizwa kuachana na kuni na mkaa, tarehe ya kwanza ya mwisho ikawa Januari 2024. Mi naunga mkono kabisa. Mama zetu wameumwa macho na vifua kwa moshi vya kutosha.

Ila sasa tujiulize. Kama kuni za kupikia maharage ya wanafunzi ni tatizo la taifa, hizi za kuchomea tofali za darasa la wanafunzi haohao mbona hazina mkakati? Miombo ni ileile! Mwaka mmoja baada ya kumaliza shule niliwahi kufanya kibarua cha kupanga tanuru la tofali elfu nane. Magogo yalikuja kwa trekta, trela zaidi ya moja, na mengine yalikuwa mabichi kabisa. Moto uliwaka siku mbili, usiku na mchana. Tulipofungua, tofali za pembeni zilikuwa hazijaiva vizuri, zikauzwa kwa bei ya kutupa. Hizo nazo zilikula kuni sawa na wenzake.

Na Katavi kuni zina wateja wengi jamani. Kuna mabani ya kukaushia tumbaku, kuna mkaa wa mjini, kuna mbao, na mashamba mapya yanafyekwa kila mwaka. Tofali limejificha katikati ya hao wote kwa sababu likishajengwa na kupigwa plasta hakuna anayeona mti tena. Mkaa unauona kwenye gunia. Tofali unaona ukuta tu, tena ukuta wa heshima.

Mbadala upo na sio mpya. Tofali za kufungamana, zile za udongo uliochanganywa na saruji kidogo zikashindiliwa kwa mashine ya mkono, hazichomwi. Mashine ya kwanza ya namna hiyo iliyosambaa duniani ilitengenezwa Colombia katikati ya miaka ya 1950, inaitwa CINVA-Ram. Hapa kwetu utafiti wa majenzi ya bei nafuu ulianza miaka ya 1970, na mwaka 2001 ikaundwa NHBRA, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ambayo ilifundisha vikundi vya vijana mikoani namna ya kufyatua hizi tofali. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000 nayo ilihimiza vifaa vinavyopatikana kwenye mazingira yetu. Kwa hiyo maarifa tunayo siku nyingi. Sasa kwa nini mtaani hatuzioni kwa wingi?

Watu huwa wanasema "tofali za kufungamana zinaokoa saruji" wakaishia hapo. Nikakaa na daftari nikapiga hesabu, nikakuta jambo lenyewe halijanyooka hivyo.

Mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa tofali za inchi 6, zile za mchanga na saruji, kama 30 hadi 35. Mita moja ya mraba ya ukuta inataka tofali kama 10. Kwa hiyo ni theluthi ya mfuko. Tofali ya kufungamana uso wake ni sentimita 30 kwa 10, kwa hiyo mita ya mraba inataka 33. Mfuko mmoja ukichanganywa vizuri na udongo mzuri unatoa kama 80 hadi 100. Hapo napo ni theluthi ya mfuko na kidogo zaidi! Umeona? Kwenye tofali lenyewe hujaokoa kitu.

Unapookoa ni kwenye kujengea na kwenye plasta. Tofali za inchi 6 zinataka udongo wa saruji katikati, halafu plasta ndani na nje. Hiyo kwa mita ya mraba ni karibu theluthi nyingine ya mfuko. Za kufungamana zinakaa moja juu ya mwenzake bila udongo wa kujengea, na zikifyatuliwa vizuri zinaachwa bila plasta. Sasa chukua nyumba yenye mita za mraba 150 za ukuta. Ya inchi 6 inakula mifuko kama 95, ya kufungamana mifuko kama 55. Tofauti ni kama mifuko 40. Kwa sisi tulioko mwisho wa reli, saruji inayofika hapa imeshasafiri mno, na mifuko 40 si mchezo. Tena kumbuka Julai 2023 iliwekwa tozo ya shilingi 20 kwa kila kilo ya saruji, yaani 1,000 kwa mfuko. Kwenye mifuko 40 hiyo ni 40,000 kabla hujaongelea bei yenyewe.

Lakini ukijenga kwa za kufungamana halafu ukapiga plasta pande zote ili jirani asijue ni udongo, faida karibu yote umeimwaga chini. Na watu wengi wanafanya hivyohivyo.

Mama nilipomweleza aliniangalia akasema, "Mwanangu, nimehangaika miaka yote hii ili watu waje waseme mama fulani kajenga nyumba ya udongo?" Sikuwa na jibu la haraka. Kwa kizazi chake tofali za kuchoma ndo alama ya kutoka kwenye umaskini. Nyumba ya udongo ndo aliyozaliwa, ndo iliyokuwa inaliwa na mchwa na kumong'olewa na mvua. Huwezi kuja na daftari la hesabu ukamfuta mtu kumbukumbu hiyo.

Haya, hiyo ni hesabu ya msitu na saruji. Sasa tuje kwenye JOTO, maana hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo.

Nilikuwa naamini kwamba nyumba ya tofali za udongo lazima iwe na ubaridi kuliko ya kuchoma. Kumbe tofauti ni ndogo sana. Ukuta wa tofali za kuchoma na ukuta wa udongo ulioshindiliwa, kama unene ni uleule, vyote ni vizito na vyote vinapokea joto polepole na kulitoa polepole. Anayetuchoma sisi sio ukuta. Ni PAA.

Mpanda tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua la mchana linapita karibu utosini mwaka mzima. Ukuta wa kusini na wa kaskazini unapigwa kidogo, wa mashariki unapigwa asubuhi, wa magharibi unapigwa jioni. Paa linapigwa kutwa. Bati kwenye jua kali linaweza kupita nyuzi joto 60, na kama chini yake hakuna dari, linatumwagia hilo joto moja kwa moja kichwani kama jiko la mkaa lililogeuzwa juu chini. Usiku bati hilohilo linapoa haraka sana, ndo maana mwezi wa saba tunatetemeka. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa kiangazi baridi ipo.

Wazee wa huku walilijua hilo. Tembe la Unyamwezi lilikuwa na kuta nene za udongo na paa zito la miti na udongo. Nenda Kwihara karibu na Tabora, pale Livingstone na Stanley walipokaa mwaka 1872, kuna tembe lililojengwa upya kama makumbusho. Ingia mchana wa jua kali utaelewa ninachosema. Sisemi turudi kwenye tembe, linavuja na linataka kukarabatiwa kila mara. Nasema tulipoleta bati tulichukua faida yake ya kuzuia mvua, tukasahau kazi nyingine ambayo paa la zamani lilikuwa linafanya.

Mfano mzuri kuliko yote Afrika ni wa Burkina Faso. Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando aliyekwenda kusoma usanifu Berlin, alirudi kuwajengea shule ya msingi, ikakamilika 2001. Ukuta ni tofali za udongo zilizoshindiliwa zikachanganywa na saruji kidogo. Juu ya madarasa kuna dari ya tofali za udongo, halafu bati limenyanyuliwa juu kabisa kwa nondo, limeacha uwazi. Upepo unapita kati ya bati na dari, unalibeba joto kabla halijafika kwa watoto. Umeme hautumiki. Wanakijiji mwanzoni waliitilia shaka nyumba ya udongo, kama mama yangu tu. Mwaka 2022 Kéré akapewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya wasanifu wa majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Hata hapa nchini majaribio yapo. Kijiji cha Magoda, Muheza mkoani Tanga, zilijengwa nyumba sita za mfano zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa na neti za kuzuia mbu. Matokeo yalichapishwa 2017: ndani palikuwa na ubaridi zaidi kwa karibu nyuzi 2 kuliko nyumba za kawaida za pale, na mbu walipungua sana. Baadaye wakajenga nyumba 110 za namna hiyo, za ghorofa moja, kwenye vijiji vya Mtwara.

Ila hapo tahadhari wadau. Tanga na Mtwara ni pwani, joto la unyevu, usiku nako joto. Kule ukuta mwepesi unaopitisha hewa ni dawa. Ukiuleta hivyohivyo Mpanda, Julai utawagandisha watoto. Huku ukuta mzito unatufaa, tunachotakiwa kubadilisha ni juu. Ndo maana kila mtu akisema "nyumba za gharama nafuu kwa hali ya hewa ya Afrika" mi nauliza Afrika ipi? Muheza na Mpanda tu, ndani ya nchi moja, hazifanani.

Sasa angalieni fasheni inavyotupeleka. Siku hizi nyumba mpya mjini ni za paa la kuficha: ukuta umepandishwa juu, bati limelala nyuma yake, upenu hakuna hata sentimita moja. Inapendeza kwenye picha, sikatai. Lakini upenu ndo ulikuwa unaukinga ukuta na jua la saa kumi jioni na mvua ya Februari. Kwingine ni bati la msauzi la rangi nyeusi au kahawia iliyokolea, na rangi nzito inanyonya joto kuliko nyeupe. Madirisha ni ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo ukiyafungua nusu nzima inabaki imezibwa na kioo. Matundu ya hewa ya juu ya dirisha yamefutwa eti ni ushamba. Tunalipa zaidi ili tuchomeke zaidi!

Halafu tunanunua mashine ya kurekebisha. Miaka mingi Mpanda umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, kwa hiyo hili hatukulifikiria sana. Tulifikirie sasa. Feni ya wati 70 ikizunguka saa 8 kwa siku ni kama uniti 17 kwa mwezi. Kiyoyozi kidogo kwa saa hizohizo kinaweza kula uniti 180. Bei nafuu ya wateja wadogo, ile ya D1 kwenye bei zilizotangazwa 2016, ni kwa wanaotumia uniti 75 au chini kwa mwezi: shilingi 100 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo 122. Ukivuka ukahamishiwa kundi la kawaida ni 292, pamoja na kodi na tozo ni 356. Kwa hiyo nyumba ya moto haikuli umeme wa kiyoyozi tu. Inakutoa kwenye bei nafuu, hata taa na simu unachaji kwa bei ya juu. Paa baya ni bili ya kila mwezi mpaka unakufa.

Kwa mtu wa kawaida cha kufanya nini? Kwa nilivyoelewa, ukiwa na pesa kidogo ianzie juu. Piga dari, hata ya bei ya chini. Acha matundu kwenye pembe za paa pande mbili ili joto la juu ya dari litoke, na uyafunge kwa wavu maana malaria huku haina utani. Chagua bati la rangi nyeupe au lililopauka. Toa upenu mrefu, hasa upande wa magharibi. Kama kiwanja kinaruhusu, kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Panda mti upande jua linakozama. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji injinia.

Na serikali je? Hapa ndo kwenye hoja yangu. Mwaka 2021 kwa zile fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000 nchi nzima, na kazi hiyo ilipita kwa mafundi wa mitaani. Mradi mmoja wa namna hiyo unaweza kubadili soko lote. Siku halmashauri zikisema darasa linalojengwa kwa pesa ya umma halitumii tofali za kuni, vijana wenye mashine ya kufyatua watapata kazi, mafundi watajifunza, na mama yangu ataona shule nzuri ya tofali za udongo kabla hajaambiwa ajenge yeye. Maskini asiwe ndo wa kwanza kufanyiwa majaribio. Aanze mwenye pesa, na mwenye pesa kubwa ya ujenzi huku ni serikali. Mkakati wa kuni upo tayari, waongeze ukurasa mmoja tu wa tanuru.

Mi mtihani wa kidato cha nne nilifanyia kwenye chumba cha bati tupu, mwezi wa kumi na moja. Karatasi ilikuwa inalowa jasho la mkono. Siku ya hesabu ikanyesha, msimamizi anaongea tunaona mdomo tu. Sisemi ndo sababu sikuendelea na shule, kila mtu na sababu zake. Nasema tu nalijua hilo joto.

Kuhusu nyumba ya mama, tulikaa na fundi tukakubaliana. Tofali elfu tatu zimeshachomwa, mti haurudi, zitajenga. Zinazopungua tutafyatua, kama udongo wa kiwanja ukikubali. Tuliuweka kwenye chupa ya maji, tukautikisa, tukauacha utulie: mchanga umekaa chini mwingi, mfinyanzi juu kiasi. Fundi kasema, "Dogo, huu unafaa, ila usichukue wa juu wenye mizizi." Zitafunikwa na kumwagiliwa maji wiki nzima kabla ya kuguswa. Bati la msauzi la rangi ya damu ya mzee alilokuwa analitamani mama tumelibadilisha na jeupe la kawaida, na pesa iliyobaki inaenda kwenye dari na upenu. Plasta ya nje mama kakataa kuiacha. Amesema upande wa barabarani lazima ipigwe. Nikasema sawa mama, nyumba ni yako.

Haya wadau, mliojenga kwa tofali za kufungamana Mpanda, Tabora, Sumbawanga au popote, leteni uzoefu. Zimehimili mvua ngapi? Mchwa je? Na nyie wa halmashauri mnaopita humu kimyakimya, tunajua mnasoma: kuni za tanuru nani anazihesabu?

Naomba kuwasilisha.